Kuchagua vizibo vya masikio unapoishi na jirani mwenye sabufa

Katika nyumba nyingi za kupanga za Manzese, Tandika au Mbagala, jijini Dar es Salaam, ukuta wa chumba haufiki kwenye bati. Unaishia kwenye lenta, na juu yake kuna dari moja iliyotandazwa vyumba vyote. Kwingine hata hiyo dari haipo. Sauti haina haja ya kupenya tofali. Inapanda, inavuka juu ya ukuta na kukushukia kitandani. Ndiyo maana mpangaji wa chumba cha tatu anajua mpangaji wa chumba cha kwanza anadaiwa na nani, na kiasi gani.

Ukiishi hivyo, vizibo vya masikio vinasaidia kweli. Lakini wengi hununua, huvaa usiku mmoja, husema havina kazi na kuvitupa. Mara nyingi kizibo chenyewe hakina kosa: kilichaguliwa kwa kuangalia namba kwenye pakiti, kikachomekwa juujuu. Kwangu mimi, kizibo kilichokaa vizuri sikioni kinatangulia namba, bei na jina la kampuni.

Ijue kwanza kelele yenyewe

Kabla ya kutoa hela, lala usiku mmoja ukisikiliza kwa makusudi. Mazungumzo, televisheni, mtoto anayelia, vyombo vinavyooshwa uani na jogoo wa mwenye nyumba ni sauti za kati na za juu. Hizi vizibo huzimudu. Sabufa, ngoma za kigodoro na muungurumo wa jenereta ni sauti nzito, na hapo kazi huanza kuwa ngumu.

Sababu ni ukubwa wa wimbi. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, pengine refu kuliko chumba chako. Ukuta wa tofali za inchi sita hauizuii sawasawa, na dari ya jipsamu au mbao nyembamba hutikisika nayo. Fanya jaribio rahisi: muziki ukiwa umewashwa, weka kiganja ukutani, kisha kwenye ubao wa kitanda. Ukihisi mtetemo, au ukiusikia kifuani, ujue sehemu ya kelele hiyo inakufikia kupitia mwili na mifupa ya kichwa. Hakuna kizibo duniani kitakachoizuia sehemu hiyo, kwa kuwa haipiti tundu la sikio. Kizibo kitapunguza inayobaki tu.

Angalia pia kama kelele ni ya mfululizo au ya kushtukiza. Feni ya jirani inayolia usiku kucha huizoea. Mlango unaobamizwa saa nane usiku hukuamsha hata kama haukuwa na kishindo kikubwa, kwa sababu umekata ukimya uliokuwapo. Jambo hili nitalirudia kwenye suala la feni.

Hesabu kidogo itakusaidia kujua unahitaji nini. Mazungumzo ya kawaida, ukiwa mita moja kutoka kwa msemaji, ni karibu desibeli 60. Kila desibeli 10 zinapopungua, sikio huona kelele imeshuka kama nusu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 ilipendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Tuseme televisheni ya jirani inakufikia ikiwa na desibeli 50. Unachohitaji ni punguzo halisi la desibeli 20, na kizibo cha kawaida cha povu kilichovaliwa vizuri kinaweza kulifikia. Huna haja ya kusaka kizibo cha ajabu.

Pamba ya dukani iache. Hewa hupita ndani yake, na sauti hupita na hewa. Besi ndiyo haijui hata kama pamba ipo, na nyuzi zake hubaki ndani ya sikio.

Aina zilizopo, na ipi inamfaa nani

Vizibo vya povu ndivyo ningekushauri uanze navyo. Ni vile vidogo laini vya rangi ya chungwa, njano au kijani ambavyo unavisokota vikawa vyembamba, unavichomeka, halafu vinatanuka polepole na kuziba tundu. Ni vya bei ndogo na vinapunguza kelele kuliko aina nyingi nyingine, besi ikiwamo, mradi viingie ndani vya kutosha. Lakini usidhani vyote ni sawa. Povu la PVC, kama lile la vipande vya njano vya mviringo vilivyonyooka, ni gumu kidogo. Povu la poliurethani ni laini zaidi, na mara nyingi vizibo vyake vimechongoka mbele kama risasi au kutanuka nyuma kama kengele. Kwa anayelala ubavu, ulaini una thamani kuliko desibeli mbili tatu za ziada. Kizibo kigumu kinachosukumwa na mto usiku mzima kitakufanya ukivue saa tisa, na kizibo kilichovuliwa kinazuia desibeli sifuri.

Ukubwa nao unasahaulika. Tundu la sikio linatofautiana kati ya mtu na mtu, na wakati mwingine kati ya sikio la kulia na la kushoto la mtu huyohuyo. Wenye matundu membamba, wakiwamo wanawake wengi, hupata shida na vizibo vya kiwandani vya saizi ya kawaida. Kizibo kikikuuma baada ya nusu saa, au kikirudi nje chenyewe ingawa umekivaa vizuri, tafuta kidogo zaidi au laini zaidi. Kikizama bila kukaza popote, tafuta kikubwa.

Vizibo vya nta ni vya zamani zaidi. Mfamasia Max Negwer alianza kuvitengeneza kibiashara Berlin mwaka 1907, na vizibo vyake, Ohropax, bado vipo sokoni. Unavipasha kwa vidole mpaka vilainike, kisha unavibandika viendane na umbo la sikio. Vinakaa vizuri, wala havisukumi kuta za tundu kama povu. Kasoro yake ni kunata, na kwenye joto la Pwani kunata huko huongezeka: vinashika nywele, vinashika foronya.

Vya silikoni laini, ile inayofinyangika kama unga wa chapati, hubandikwa kwenye mlango wa sikio bila kuingizwa ndani. Vinamfaa asiyependa kitu ndani ya tundu na anayelala ubavu, lakini kwa besi ni dhaifu kuliko povu. Usivisukume ndani wala usivikate vipande vidogo, maana kipande kinaweza kukwama. Watoto wadogo wasiviguse kabisa. Wanaweza kuvimeza au kupaliwa.

Kuna vyenye vikombe viwili au vitatu vya mpira vilivyopangana kwenye kijiti. Vinaoshwa na kutumika miezi mingi, na vinamfaa mtu anayefanya kazi kwenye mashine au baa, kwa kuwa huhitaji kuvisokota kwa mikono michafu. Kitandani, kile kijiti ndicho balaa. Ukilala chali sawa, ukigeuka, kinakuchoma.

Vya kupimwa sikio lako kwenye kliniki hukaa vizuri sana na hudumu miaka, ila gharama yake si ya kukimbilia kabla hujajaribu vya povu. Vipokea sauti vya masikioni vinavyofuta kelele vinaweza kuufifisha muungurumo wa mfululizo kama wa jenereta. Kwenye kugombana kwa watu havina makali hayo, betri ina mwisho wake, na ni vipana kwa mlala ubavu.

Namba za kwenye pakiti

Utakutana na vifupisho viwili. NRR ni kipimo cha Marekani cha punguzo la kelele, SNR ni cha Ulaya. Vyote ni desibeli, lakini havipimwi kwa njia moja, kwa hiyo usilinganishe NRR ya pakiti hii na SNR ya pakiti ile. Kizibo kilekile cha Howard Leight Max kina NRR 33 na SNR 37. Muuzaji akikuonesha chenye 37 na kingine chenye 33 akadai cha kwanza ni bora, huenda anakuuzia kitu kimoja mara mbili.

Hiyo NRR 33 ndiyo ya juu kabisa utakayoiona kwenye vizibo vya kuvaa ndani ya sikio. Tangazo la mtandaoni linalojigamba NRR ya 40 au 45 lipite tu.

Kwa mwenye jirani wa sabufa, kitu cha maana zaidi kimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti za Ulaya: H, M na L. H ni sauti za juu, M za kati, L nzito. Hicho chenye SNR 37 kina H 36, M 35, L 34, yaani hakishuki sana kwenye besi. Kizibo cha vikombe vya mpira cha 3M kiitwacho Ultrafit kina SNR 32, ukidhani kinakaribiana nacho, kumbe L yake ni 25. Tofauti ya desibeli 9 kwenye sauti nzito ni kama kupunguza muziki nusu. Kama adui yako ni besi, soma L.

Namba zote hizi zimepatikana maabara, mtu amekaa wima na kizibo kimevaliwa kwa uangalifu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilishauri NRR ya vizibo vya povu ikatwe nusu ili kukaribia hali halisi. Hivyo 33 inakuwa kama 16 kwa mtu wa kawaida. Anayejua kuvaa anapata zaidi ya hapo, asiyejua anapata pungufu. Kununua chenye namba kubwa bila kujifunza kukivaa ni kutupa hela.

Kununua

Anza na duka kubwa la dawa. Ukikosa, nenda maduka ya vifaa vya usalama kazini, yale yanayouza helmeti, glovu na buti. Mwoneshe muuzaji picha kwenye simu, mtaelewana haraka. Atakuletea pengine vyenye kamba. "Hizi ni za kiwandani, bosi," atakuambia, na ni kweli, lakini povu ni lilelile. Omba visivyo na kamba. Kamba shingoni usiku si salama, na ukigeuka inavuta kizibo nje.

Nunua jozi mojamoja za aina tatu au nne kabla ya kununua boksi. Boksi la jozi 200 ni rahisi kwa hesabu ya jozi moja, lakini ukigundua hazikukai umebaki na mzigo. Kizibo cha povu kinachouzwa kikiwa wazi kwenye kikapu, kimeshashikwa na kila mpita njia, usikichukue hata kwa punguzo.

Kuvaa: hapa ndipo kazi ilipo

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita 2.5, nalo limepinda. Ukisukuma kizibo bila kulinyoosha, kinagonga ukuta wa kwanza na kubaki nusu nje. Kwa povu, fuata hivi:

1. Nawa mikono na uikaushe. Sikio nalo liwe kavu. Kama umetoka kuoga, subiri.

2. Sokota kizibo kimoja katikati ya vidole, taratibu mwanzo kisha kwa kukaza, mpaka kiwe chembamba kama penseli ya mtoto au zaidi. Kisiwe na mikunjo, kwa kuwa kila mkunjo ni mfereji wa sauti.

3. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio, vuta juu na nyuma. Utahisi tundu limefunguka. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

4. Chomeka mara moja. Kwenye chumba chenye joto povu hutanuka upesi kuliko pakiti inavyosema, kwa hiyo usisokote vyote viwili kwa pamoja. Maliza sikio moja, ndipo uhamie la pili.

5. Achia sikio, zuia kizibo kwa ncha ya kidole kwa sekunde 30. Usipokizuia, kinapotanuka kinajisukuma nje.

Kikiwa kimekaa sawa, mtu aliye mbele yako hapaswi kukiona kimechomoza. Hata hivyo kibaki kipande unachoweza kukishika kwa vidole. Usikishindilie mpaka kipotee, na ukihisi maumivu acha.

Sasa kipime. Kelele ikiwapo, funika masikio kwa viganja, kisha ondoa. Kama sauti inabadilika sana, kuna mahali inavuja. Njia nyingine: hesabu moja hadi kumi kwa sauti. Sauti yako inapaswa kuvuma kichwani, kama unaongea ndani ya pipa. Ikivuma upande mmoja tu, rudia sikio la pili.

Kizibo kinapovuja, besi ndiyo hupita kwanza. Tundu dogo sana pembeni ya povu laweza kuacha sauti nzito ziingie huku mazungumzo yakiwa yamefifia. Kwa hiyo mtu akiniambia "vinazuia maneno ila besi nasikia yote", simwambii anunue vingine. Namwambia avue, asokote upya, avute sikio vizuri, azuie nusu dakika nzima. Mara nyingi kinachobaki ni mtetemo wa kitanda tu.

Mapigo ya moyo, pumzi na mate unayomeza utavisikia zaidi. Ni kawaida kwa sikio lililozibwa, na watu wengi huzoea baada ya siku chache. Jaribu kuvivaa saa moja kabla ya kulala ukiwa unasoma au unaangalia simu. Mwenye tatizo la mlio wa kudumu masikioni huenda akausikia zaidi kwenye ukimya. Huyo atumie feni pamoja na vizibo.

Feni, alamu na mambo ya usalama

Feni ya mezani ni mwenzi mzuri wa kizibo. Mvumo wake wa mfululizo hujaza ule ukimya, hivyo kilio cha mbwa au mlango hakichomozi tena kwa ghafla. Iweke kati yako na upande wa kelele, isikupulize usoni. Umeme ukikatika, sauti ya mvua iliyohifadhiwa kwenye simu inafanya kazi hiyohiyo, bila kuhitaji bando.

Panga utakavyoamka. Vizibo havizuii kila kitu na alamu kali huisikia, lakini usikisie: jaribu siku ya mapumziko, ukiwa huna basi la kuwahi. Simu iliyowekwa mtetemo chini ya mto, au saa ya mkononi inayotetema, inatosha wengi. Kama unaamshwa na adhana ya Alfajiri, weka alamu ya mtetemo kwa muda huo.

Nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa, mmoja wenu abaki bila vizibo, mpokezane. Kwa anayelala peke yake na kuogopa wezi, kuna njia ya kati: lala ubavu, sikio moja limezibwa na kizibo, jingine limezibwa na mto. Ukigeuka, utasikia.

Usafi, na wakati wa kuacha

Kuvua: pindisha kwanza kizibo taratibu ili hewa iingie, kisha vuta polepole. Ukikichomoa kwa nguvu, unavuta ngoma ya sikio.

Vya povu vimekusudiwa kutumika mara chache. Unaweza kuvitumia siku kadhaa kama ni safi. Vingine vinavumilia kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini na kuanikwa kivulini vikauke kabisa. Kizibo ambacho ukikisokota hakirudi katika umbo lake, kimekuwa kigumu au kimebadilika rangi, kimekwisha. Vya mpira vioshe mara kwa mara. Vya nta na silikoni ya kufinyanga havioshwi; vikianza kushika uchafu, tupa. Usiazimane na mtu, hata mke au mume.

Unyevu na joto la Pwani ni rafiki wa fangasi wa masikio. Kuwasha kusikoisha, usaha, harufu au maumivu ni ishara ya kuacha mara moja na kwenda kliniki ya masikio, pua na koo. Usivae kabisa kama ngoma ya sikio imetoboka au sikio linatoa usaha. Matumizi ya kila siku pia yanaweza kusukuma nta ya sikio ndani na kuifanya igandamane. Ukiona usikivu umepungua hata ukiwa umevivua, mwone daktari aisafishe. Njiti za pamba huongeza tatizo, kwa kuwa zinashindilia.

Besi ikibaki

Umechagua vizuri, umevaa vizuri, bado kitanda kinatetema. Sogeza kitanda kisiguse ukuta wa jirani, na weka vipande vya mpira mnene chini ya miguu yake. Mpira wa ndala zilizochakaa unafaa. Halafu zungumza na mwenye sabufa, mchana, si usiku ule ule akiwa na wageni. Ombi dogo lina nafasi zaidi kuliko lawama: "Kaka, naomba ile sabufa uitoe ukutani kidogo na uiweke juu ya godoro au zulia, besi inanifikia kitandani." Mara nyingi hataki kuzima muziki, lakini kuisogeza hakumgharimu kitu. Akikubali, muende pamoja chumbani kwako umsikilizishe tofauti.

Akikataa, mwone mwenye nyumba, kisha mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Andika tarehe na saa za kelele kwa wiki mbili kabla ya kwenda, maana "anatusumbua kila siku" haimsaidii mwenyekiti. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, na Kenya ina zake za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko. Malalamiko dhidi ya baa au ukumbi unaopiga muziki hadi alfajiri yapeleke huko, kwa maandishi, na majirani wenzako waweke saini.